Januari Siyo Kiangazi Tukuyu

Nilipokuwa darasa la nne, katika shule moja ya msingi iliyo pembezoni mwa mashamba ya chai, si mbali na Tukuyu, tulipewa zoezi la kujaza nafasi. Swali la tatu nalikumbuka mpaka leo. Liliuliza Januari na Februari ni majira gani. Nikajaza "masika". Nilikuwa na sababu: ilikuwa Februari, mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mwalimu ameacha kufundisha kwa mdomo, anaandika ubaoni tu, na sisi wa upande wa dirishani tumesogeza madawati katikati kukwepa rasharasha. Daftari likarudi na eksi nyekundu. Jibu sahihi: kiangazi.

Sikuuliza. Nani alikuwa anauliza enzi zile? Nikafanya masahihisho kama kawaida, neno moja mara tano, kiangazi, kiangazi, kiangazi, nikiwa na sweta lililolowa mabegani.

Mwalimu simlaumu. Alikuwa na kitabu, na kitabu kilisema hivyo. Kitabu nacho hakikutunga uongo. Pwani, Januari kweli ni kiangazi: kaskazi inavuma, jua linawaka, watu wanatafuta kivuli. Masika ni Machi mpaka Mei, kipupwe ni Juni mpaka Agosti, vuli ni kuanzia Oktoba. Kalenda nzuri, imetulia, imejaribiwa na mabaharia kwa karne nyingi. Shida yake ni moja tu: ni kalenda ya watu wengine. Mwaka 1928 wakubwa wa kikoloni walikutana Mombasa wakakubaliana kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Walichagua matamshi, tahajia na sarufi. Sidhani kama kuna aliyesimama kusema, jamani, hapa tunachagua na hali ya hewa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Lugha ilipopanda treni na malori kwenda bara, ilipanda na mvua zake.

Sasa ngoja niseme ninachotaka kusema, halafu mnirushie mawe. Waandishi wa Kiswahili, wa riwaya, wa hadithi fupi, wa magazeti, na mimi nikiwemo, bado tunaiandika nchi hii kama vile yote iko Bagamoyo. Tunampeleka mhusika Rungwe, tunambadilishia jina la ukoo aitwe Mwa-nani-sijui, tunampa ndizi ale, lakini juu ya kichwa chake tunatundika anga la Dar es Salaam. Hii siyo kasoro ndogo ya mapambo. Ni uongo, na kuna watu unawagharimu.

Tuanze na anga lenyewe. Wengi wanaoiandika Tukuyu hawajawahi kulala hata usiku mmoja pale wa mwezi Aprili.

Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake umekaa Mlima Rungwe, karibu mita 2,960. Kusini ardhi inashuka mpaka Kyela na Ziwa Nyasa, ambalo haliko hata mita 500. Yaani ukisimama ufukweni Matema na ukisimama kileleni Rungwe, umetofautiana na wewe mwenyewe kwa karibu kilomita mbili na nusu za kwenda juu, na safari nzima ni ya siku moja ya gari na miguu. Upepo wa kusini-mashariki unapita juu ya ziwa, unabeba unyevu, unaingia kwenye hilo bonde kama maji kwenye faneli. Kushoto milima, kulia milima, mbele Rungwe. Hauna pa kwenda ila juu, na hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, ikipoa humwaga. Ndiyo maana mwezi Aprili, wakati maeneo mengine yenye msimu mmoja wa mvua yanaanza kukauka, Tukuyu ndiyo kwanza inapata mvua yake kubwa. Kwa mwaka mji hupata kama milimita 2,500. Dodoma haifiki 600. Na wala usiende mbali hivyo: jiji la Mbeya, upande wa pili wa milima, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, halipati hata nusu ya mvua ya Tukuyu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inalijua hili. Kila mwaka inatoa taarifa tofauti. Kuna utabiri wa vuli na wa masika kwa maeneo ya misimu miwili: pwani ya kaskazini na visiwani, nyanda za juu kaskazini-mashariki, Kanda ya Ziwa Victoria. Halafu kuna utabiri wa kile wanachokiita mvua za msimu, Novemba mpaka Aprili, kwa Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe, Iringa, Ruvuma na wenzao. Mvua za msimu. Jina limekaa kiofisi, halina mvuto, lakini angalau halidanganyi. Kwa Rungwe hata hiyo Aprili haitoshi, maana mvua inaendelea Mei yote. Juni na Julai unakuja ukungu na manyunyu ya baridi ambayo ukitoka nje huwezi kusema mvua inanyesha, na ukirudi ndani huwezi kusema hukulowa. Mapumziko ni Agosti, Septemba na Oktoba, na hata hapo usianike mahindi ukaenda sokoni bila kuacha mtoto wa kuyaangalia. Stendi ya Tukuyu kuna utani wa zamani kwamba hapa kuna misimu miwili, wa mvua na wa mvua zaidi. Wageni hucheka. Wenyeji huuliza kwani kichekesho kiko wapi.

Na wenyeji walifanya jambo la akili kuliko kamati zote. Waliyachukua maneno ya pwani, wakayahamisha. Ukimuuliza mtu wa Kiwira au Katumba masika ni lini, atakwambia yanaanza Novemba, mvua zikianza. Kiangazi ni Agosti mpaka Oktoba. Vuli haina kazi kwao, wameiacha. Kwa hiyo yule mtoto wa darasa la nne hakuwa mjinga. Alikuwa anaongea Kiswahili cha kwao, kilichokwisha kurekebishwa na watu wanaolima, na akapigwa eksi kwa Kiswahili cha watu wanaovua.

Hapo kuna msomaji atasema: sawa, hilo ni suala la vitabu vya shule, fasihi inaingiaje? Inaingia mlango wa mbele.

Miaka michache iliyopita niliombwa kusaidia kusoma hadithi za shindano dogo la waandishi chipukizi. Kundi zima la hadithi zilitoka kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Makete, Mbozi, Ileje. Nilifurahi kama mtoto. Nikasema hapa nitasikia harufu ya nyumbani. Hadithi ya kwanza ilianza na jua la utosi. Ya pili ilianza na jua la utosi pia, na vumbi. Ya tatu mhusika aliketi chini ya mwembe, mwezi Januari, akijipepea kwa kanga, na kijiji kilikuwa Isongole. Isongole! Pale juu kwenye viazi, ambapo malori ya Malawi yanawasha taa saa sita mchana kwa ukungu! Nilimtafuta mwandishi, kijana mzuri tu, mzaliwa wa hukohuko. Nikamuuliza, mdogo wangu, mwembe wa Isongole uliuona wapi? Akacheka kwa aibu. Akasema, kaka, hadithi za Kiswahili ndivyo zinavyoanza.

Jibu lake limenikaa kooni tangu siku hiyo. Kijana anaijua baridi ya Isongole kwa mifupa yake, lakini akishika kalamu anaamini baridi hiyo haistahili kuandikwa. Fasihi anayoijua imemfundisha kwamba hewa halali ya hadithi ni ile ya kwenye vitabu vya kiada. Nani amemfundisha? Sisi. Sisi tunaosifia lugha tamu huku tukimaanisha lugha inayonukia chumvi.

Na wasio na jua la utosi wana ugonjwa mwingine, wa kadi ya posta. Huo ni mkongwe. Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwishoni mwa 1879, akaitazama migomba, nyumba safi na nyasi fupi, akaandika kama mtu aliyefika peponi. Kitabu kilitoka 1881. Tangu hapo kila anayefika anaandika kitabu kilekile. Wajerumani wakaja wakauita mji Neu Langenburg. Wakaja maofisa, wamisionari, watalii, na sasa sisi waandishi wa makala za Jumamosi: kijani kibichi, hewa safi, mandhari ya kuvutia, ukungu uliotanda kama shuka jeupe. Mimi mwenyewe nimeandika "ukungu uliotanda kama shuka jeupe". Natubu. Ukungu ule kwa dereva wa basi la Kyela siyo shuka, ni ukuta. Kwa mama anayekausha maharage ni adui. Kijani kibichi maana yake kuna kitu kinaota, na kama kinaota kuna mtu anakipalilia, mgongo umeinama, buti zimejaa maji.

Nitoe mfano mmoja wa kile tunachokikosa, na mfano huu ningemkabidhi mwandishi yeyote wa riwaya bure kabisa. Chai. Mvua ikinyesha vizuri, mchai unachipua haraka, na mkulima mdogo anatakiwa kurudi kwenye mstari uleule kila baada ya siku chache, maana jani likikomaa halina thamani. Kwa hiyo wakati wa mvua ndio wakati wa pesa. Lakini jani likishachumwa halisubiri. Linapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo linachemka kwenye gunia, linaharibika. Na barabara ya kutoka kijijini mpaka lami ni ya udongo mwekundu wa volkano, ambao ukilowa unakuwa sabuni. Umeona? Mvua ileile inayoliotesha jani ndiyo inayolizuia gari lisije kulichukua. Mtu amesimama kwenye kituo cha kukusanyia majani saa kumi jioni, kilo zake zipo miguuni, anasikiliza kama kuna mngurumo wa lori kutoka bondeni. Lisipokuja atarudi nyumbani na gunia au atalimwaga hapo. Karo ya mtoto iko ndani ya gunia. Hapo kuna mgogoro, kuna muda unaokwenda, kuna adui asiyekamatika, na kuna mhusika anayempenda adui huyo kwa sababu ndiye anayemlisha. Mnataka tamthiliya gani zaidi? Lakini sijasoma riwaya ya Kiswahili iliyokaa kwenye kituo kile mpaka giza likaingia.

Nani kasema hali ya hewa haiwezi kuwa njama ya hadithi? Wasomaji wa Achebe, hata kupitia tafsiri ya Clement Ndulute, *Shujaa Okonkwo*, mnaukumbuka ule mwaka mbaya: ukame uliounguza mbegu za viazi vikuu, kisha mvua isiyokatika, na mkulima mmoja akajinyonga. Ukiutoa mwaka ule humwelewi Okonkwo, huelewi kwa nini alidhani hakuna kinachoweza kumshinda tena. Achebe hakuandika tu kwamba mvua zilikuwa mbaya. Alijua viazi vilipandwa lini na mvua ilikuja siku ngapi baadaye.

Na pwani wenyewe! Hapa naomba nieleweke, maana najua kuna watu wameshakunja ngumi. Sina ugomvi na kusi na kaskazi. Abdulrazak Gurnah anaposimulia kuhusu wafanyabiashara waliokuja na pepo za msimu, upepo ule unaleta watu, madeni, ndoa na fitina. Adam Shafi katika *Kuli* haweki bandari pale ipendeze. Bandari ndiyo inayowala wale makuli. Waandishi wa pwani walikuwa wakweli kwa upepo wao kwa sababu mkate wao ulitoka humo. Kezilahabi alikuwa mkweli kwa Ukerewe yake. Sisi wa milimani tuliwaiga, lakini tuliiga vibaya: tukachukua kalenda yao tukaacha uaminifu wao.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana hasira yote hii haikuanzia kwenye hadithi za vijana.

Nilikuwa mwandishi mchanga katika gazeti moja Dar es Salaam. Ilikuja taarifa ya utabiri wa vuli. Taarifa ilikuwa na kurasa kadhaa, imeeleza wazi ni mikoa ipi inayohusika, na Mbeya haikuwemo. Nilikuwa na dakika arobaini na nafasi ya maneno mia tatu. Nikaandika kwamba mvua zitakuwa chini ya wastani. Mhariri akaweka kichwa cha habari, na neno "nchini" likaingia humo kama nzi kwenye chai. Niliona. Sikusema kitu. Kwangu mimi wakati ule vuli ilikuwa ni vuli. Nilikuwa nimeshaandika masahihisho yangu mara tano.

Redio zilisoma magazeti asubuhi. Jioni mjomba wangu akapiga simu kutoka kijijini. Tukasalimiana, ugonile, ndaga, habari za watoto. Kisha akauliza, "Mjomba, nimesikia redioni mvua hakuna mwaka huu. Na wewe ndiye umeandika. Kwa hiyo mbegu nisubiri?" Alikuwa na fahari, hilo ndilo linaloniuma. Mtoto wa dada yake ameandika gazetini. Nikamjibu kitu cha kitaalamu kisicho na maana, kwamba wataalamu wanashauri tahadhari. Akachukua tahadhari. Hela ya mbegu na mbolea akanunulia debe za mahindi ya kula, apambane na njaa niliyoitangaza mimi. Mvua za Novemba zikaja Novemba, kama zilivyokuja kwa babu yake. Alipopata hela nyingine na kupanda, ilikuwa mwishoni mwa Desemba, na mahindi yakakua katikati ya mvua kubwa kabisa, mbolea ikisombwa, mabua ya njano. Alivuna kidogo sana. Hajawahi kunilaumu. Alisema tu redio zinachanganya.

Redio hazikuchanganya. Mtu aliyechukua neno la mahali pamoja na kulitandaza nchi nzima ndiye aliyechanganya. Ninapomwona mwandishi wa riwaya anamweka mhusika wa Rungwe chini ya jua la Januari, wengine wanaona uzembe wa kawaida. Mimi naona kichwa changu cha habari.

Kuna hoja ya kunijibu, nimeisikia mara nyingi kwenye mijadala, na siyo ya kipuuzi. Wanasema: Kiswahili kinatuunganisha. Kila wilaya ikileta mvua yake na maneno yake, tutasomana vipi? Msomaji wa Mombasa au Bukavu ataelewaje?

Ataelewa kama tulivyoelewa sisi. Mtoto wa Tukuyu aliisoma bahari kabla hajaiona, akajifunza tanga, ngalawa, maji kujaa na kupwa. Kwa nini mtoto wa Mombasa asijifunze ukungu wa Julai? Na kuhusu maneno, lugha hii imekuwa ikikopa bara kila ilipokwama. Wanaisimu walipotaka jina la makundi ya nomino walichukua "ngeli" kutoka Kihaya. Nchi ilipohitaji neno la kiongozi kuondoka madarakani kwa hiari, Nyerere aliliazima kutoka Kizanaki, tukawa na "kung'atuka", na hakuna aliyelalamika kwamba Uzanaki inavunja umoja wa kitaifa. Kumbe bara lina haki ya kutupa neno la rais anayestaafu, lakini halina haki ya kutupa neno la mvua inayonyesha wiki tatu bila radi.

Najua neno hilo lilikuwepo. Bibi yangu alikuwa nalo. Mvua kwake haikuwa moja. *Ifula* ilikuwa jina la jumla, na chini yake kulikuwa na majina mengine, ya ile inayoanza taratibu usiku, ya ile inayotoka upande wa ziwa, ya ile inayoangusha maua ya kahawa. Akisimama mlangoni na kutaja jina, mama zangu walijua kama waende shambani au waingize kuni. Mimi nilikuwa napita hapo na daftari langu la Kiswahili, nakariri vipupwe. Sikuandika hata jina moja. Alifariki mwezi Aprili. Vijana waliochimba kaburi walikuwa wanachota maji kwa ndoo, wanachimba, wanachota tena, na watu tumebanana chini ya maturubai, wazee wanaimba, matope mpaka kwenye vifundo. Jeneza liliposhushwa lilitoa sauti ya kugusa maji. Yeye angejua mvua ile inaitwaje. Mimi, na shahada yangu, niliandika kwenye tanzia ya familia kwamba alizikwa "wakati wa masika".

Na unajua nani aliyeandika? Monica Wilson. Mwanamke wa Afrika Kusini, mtoto wa wamisionari, aliyekaa na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Kitabu chake cha 1959, *Communal Rituals of the Nyakyusa*, kimejaa mambo ya mvua na rutuba, machifu, wazee, na Lubaga, ule msitu wa ibada za Lwembe. Nilikisoma chuo kikuu, maktaba, kwa Kiingereza, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na nikakuta humo mambo ambayo bibi alikuwa anayagusia jikoni. Wa kwetu wanaoandika sana kuhusu Rungwe, kama Godfrey Mwakikagile, nao wameandika kwa Kiingereza. Hata tope linatuzidi: wanasayansi wametoboa chini ya Ziwa Masoko, hapohapo Rungwe, wakatoa matabaka yenye kumbukumbu za hali ya hewa za makumi ya maelfu ya miaka. Sisi tukilitaja Masoko tunasimulia hela ambazo Wajerumani inasemekana walizitumbukiza humo wakati wa vita.

Hili siyo suala la kumbukumbu peke yake. Watu wa Rungwe siku hizi wanasema mvua zimebadilika, zinachelewa, zikija zinakuja kwa hasira. Aprili 2024 kipande cha mlima Kawetere kiliporomoka pale Itezi, jijini Mbeya, kikafukia nyumba za watu. Kila mtu anaandika mabadiliko ya tabianchi, tabianchi, neno limechakaa kabla halijaeleweka. Mabadiliko kutoka wapi kwenda wapi? Utaonaje kwamba Novemba si ile ya zamani kama hujawahi kuiandika ile ya zamani? Mwandishi ambaye kwake mwaka mzima wa Tukuyu ni "kijani kibichi" hataona kitu mpaka mlima umwangukie.

Kwa hiyo mimi nina madai, na si makubwa. Wahariri wa riwaya mnaosahihisha tahajia: sahihisheni na mwezi. Mkikuta vumbi la Februari Mwakaleli, lizungushieni duara jekundu kama mnavyofanya kwa kosa la upatanisho wa kisarufi. Waamuzi wa tuzo, kubwa na ndogo, sasa hivi zipo kadhaa na zina fedha nzuri: mwulizeni mwandishi mhusika wake amevaa nini miguuni. Mnaotunga vitabu vya shule, andikeni "pwani" pale mnapomaanisha pwani. Neno moja tu, halijazi ukurasa. Na ninyi vijana wa Isongole, Kandete, Masukulu, acheni mwembe. Andikeni sare ya shule inayokaushwa juu ya jiko kila usiku na kuvaliwa asubuhi ikinuka moshi. Andikeni mbalaga inayoliwa saa tano asubuhi kwa sababu hakuna anayeweza kutoka. Andikeni maharage yanayoota yakiwa bado ndani ya maganda, shambani, kwa kukosa siku tatu za jua. Mkikosa neno la Kiswahili, wekeni la Kinyakyusa, tutalielewa mbele ya safari.

Mwaka huu nimeanza daftari. Kila Jumapili nampigia mjomba, namuuliza mvua ya wiki hiyo inaitwaje. Mara ya kwanza alidhani natania. Mara ya pili akasema majina mengine hata yeye hana uhakika, itabidi amuulize shangazi wa Suma. Juzi nilipompigia, simu ilikuwa na kelele za bati.

"Hiyo ya leo inaitwaje, mjomba?"

"Ngoja kwanza," akasema. "Ngoja nitoke nje niiangalie."